Mwaka Gani? Mwongozo kwa Wapenda Maajabu

Mtu akikwambia kwamba Malkia Victoria wa Uingereza alimpa mjukuu wake Mlima Kilimanjaro uwe zawadi ya siku ya kuzaliwa, usimbishie. Muulize mwaka gani. Hadithi hiyo imesimuliwa madarasani, kwenye magari ya watalii pale Moshi na hata vitabuni, na ushahidi wake ni ramani. Mpaka wa Kenya na Tanzania unatoka pwani umenyooka, ukikaribia Kilimanjaro unajikunja kuuzunguka mlima kwa upande wa kaskazini, halafu unanyooka tena hadi Ziwa Victoria. Anayeuona mkunjo ule anataka sababu, naye msimuliaji humpa malkia, mjukuu na sherehe.

Sasa panga tarehe. Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mpaka huo mwishoni mwa mwaka 1886. Mjukuu anayetajwa, Wilhelm wa Pili, alikuja kuwa Kaisari mwezi Juni 1888. Mwaka 1886 kiti kilikuwa cha babu yake mzaa baba, na kauli ya mambo ya nje ilikuwa ya Kansela Bismarck. Kijana hakuwa na cheo cha kupokea mlima, na siku yake ya kuzaliwa ni Januari 27, si Oktoba wala Novemba. Tarehe tatu tu, na hadithi imeanguka bila mtu kugombana na mtu.

Lakini usiishie hapo, maana ukiishia hapo umekuwa mharibu baraza. Chimba uone mkunjo ule ulitoka wapi hasa. Mwaka 1885 Sultani Barghash wa Zanzibar alimtuma Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi lake, aende Kilimanjaro kukusanya ahadi za utii za wakuu wa kule. Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walizoea kumwita Mandara, akaikubali bendera ya Sultani. Muda si mrefu akafika Karl Jühlke, mtu wa Carl Peters, Mjerumani mtafuta makoloni, na Rindi huyohuyo akaingia mkataba na Wajerumani. Mwaka uliofuata wakubwa wa Ulaya walipokaa kugawana, Wajerumani walikuwa na karatasi ya Moshi mkononi, Waingereza wana madai yao ya Taveta, na kalamu ikapita katikati. Mangi mmoja aliwakaribisha wageni wawili kwa zamu, na kila mgeni akaondoka akidhani ameupata mlima. Kwangu mimi hiyo inanoga kuliko keki ya malkia.

Mwongozo huu ni wa watu ambao kazi yao au ugonjwa wao ni mambo ya namna hiyo: mwalimu anayeandaa chemsha bongo ya Ijumaa, mtangazaji mwenye dakika mbili za kujaza kabla ya taarifa ya habari, mhariri wa kona ya "Je, wajua?", na yule ndugu wa kundi la WhatsApp la ukoo ambaye kila alfajiri hutuma jambo jipya lenye alama tano za mshangao. Msimamo wangu ni kwamba ajabu iliyochujwa kwa kawaida huwa kubwa kuliko iliyopambwa. Kuchuja basi si kazi ya kunyima watu raha.

Mtafute aliyeandika kwanza

Chukua mfano wa kicheko cha Kashasha. Bila shaka umewahi kusikia kwamba mwaka 1962 huko Bukoba watu walicheka mwaka mzima mfululizo, na chanzo kilikuwa kichekesho kimoja tu. Kila anayesimulia huongeza kidogo. Mwingine ameshawaua wagonjwa kwa kucheka.

Rudi nyuma hadi kwa walioandika wa kwanza. Ni madaktari wawili, A. M. Rankin na P. J. Philip, na taarifa yao ilichapishwa mwaka 1963 katika jarida la tiba la Afrika ya Kati. Wanasema hivi: tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya bweni iliyokuwa chini ya wamisionari kijijini Kashasha, wasichana watatu walishikwa na hali ya kucheka na kulia wasiyoweza kuizuia. Hali ikaenea. Hadi shule inafungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Walimu wao, Waafrika na Wazungu, hakupatwa hata mmoja. Wasichana walipopelekwa makwao hali ikaenda nao. Kule Nshamba, ambako baadhi yao walitoka, watu 217 walipatwa kati ya Aprili na Mei, wengi wao vijana. Shule ikafunguliwa tena Mei 21, wanafunzi 57 wakapatwa, ikafungwa tena.

Soma sasa kile ambacho hadithi ya mtaani imekipoteza. Hakuna aliyecheka mwaka mzima. Shambulio moja lilidumu dakika chache hadi saa chache, mtu akatulia, kisha likarudi, na aliyeugua muda mrefu zaidi aliugua siku 16. Ndani yake hamkuwa na furaha: walilia, walihangaika, wengine walikimbia ovyo au wakawa wakali walipozuiliwa. Vipimo vya maabara havikuonyesha kitu. Hakuna aliyekufa. Madaktari wakahitimisha kwamba ni ugonjwa wa hisia unaoambukizana katika kundi la watu, wala si virusi au sumu ya chakula. Kumbuka pia kalenda: Tanganyika ilikuwa imepata uhuru Desemba 9, 1961, hata miezi miwili haijatimia. Wapo wataalamu wanaoutazama mgandamizo wa nidhamu ya bweni na mabadiliko ya nyakati zile kama udongo ambamo jambo hili liliota.

Walimu kutopatwa! Hilo ndilo la kusimulia. Watoto wanashikwa darasani mmoja baada ya mwingine, na aliyeshika chaki mbele yao hapatwi na chochote. Ukiwa na nafasi ya sentensi mbili tu redioni, weka hilo na uache "mwaka mzima".

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kazi: ukipata jambo, usitafute wangapi wamelirudia. Watu elfu wanaweza kuwa wamenakili kutoka kwa mmoja. Tafuta aliyeliandika karibu zaidi na siku lilipotokea, na uangalie alikuwa nani: daktari, mwandishi, nahodha, karani wa serikali, au mtu aliyesikia kwa mtu. Kisha soma maneno yake kwa utaratibu na uone ni kipi kimeongezwa njiani.

Namba nayo ina mwenyewe

Agosti 27, 1896, Unguja. Vita vifupi kuliko vyote vilivyoandikwa. Dakika ngapi? Wengine husema 38, wengine 40, wengine 45. Mashabiki wa chemsha bongo wameshawahi kuvunja urafiki kwa ajili ya dakika hizi saba.

Hakuna anayedanganya. Jibu linategemea umeanzia wapi kuhesabu na umeishia wapi. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla Agosti 25, na binamu yake Khalid bin Barghash akaingia ikulu na kujitangaza mrithi bila idhini ya Waingereza. Waingereza wakampa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Saa ikagonga, Khalid hakutoka, na dakika chache tu baadaye manowari za Admirali Harry Rawson zikaanza kupiga. Ukianza na saa tatu kamili una hesabu moja, ukianza na mzinga wa kwanza una nyingine. Mwisho nao ni vilevile: ukomee pale mizinga ya ikulu iliponyamaza, au pale bendera iliposhushwa, au pale manowari zilipoacha kabisa? Sema "kati ya dakika 38 na 45, kufuatana na wapi unakomea kuhesabu" na hakuna atakayekushika. Ukilazimika kutaja moja, taja na kipimo chake.

Namba nyingine ya asubuhi ile huachwa na wengi kwa sababu inaharibu utani. Upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, wengi wakiwa ndani ya majengo ya mbao yaliyoshika moto. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Anayesimulia vita hivi kwa kicheko bila kuitaja namba hiyo amesimulia nusu, tena ile nusu nyepesi.

Na ukitaka ajabu isiyo na damu, iko nyuma yake. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Waingereza wakaweka walinzi nje wamngoje akanyage ardhi ya Zanzibar. Mkataba uliokuwepo ulisema kwamba Wajerumani hawatakiwi kumkabidhi, lakini pia kumtoa kwa barabara ilikuwa ni kumpitisha mbele ya bunduki. Wakasubiri bahari. Oktoba 2, maji makuu yalipojaa hadi kwenye lango la bustani ya ubalozi, mashua ya manowari ya Kijerumani ikasogea mpaka mlangoni, Khalid akapanda kutoka uwanja wa Ujerumani kuingia chombo cha Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam. Mtu aliyeipoteza nchi kwa dakika 40 hivi aliokolewa na bamvua. Waingereza walimpata baadaye kabisa, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakampeleka uhamishoni Saint Helena na Shelisheli, na akafia Mombasa mwaka 1927.

"Wa kwanza", "pekee", "kuliko wote"

Ukikutana na maneno haya matatu, simama. Ndiyo yanayouza jambo, na ndiyo yanayoliangusha. Mara nyingi utagundua huyahitaji.

Televisheni ya Zanzibar, kwa mfano, husifiwa kuwa ya kwanza ya rangi katika Afrika kusini mwa Sahara. Ukianza kubishana juu ya "ya kwanza" utapotea kwenye tarehe za majaribio na ufunguzi za nchi nyingine. Ila weka kando neno hilo na utazame ulichobaki nacho: Unguja ilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara, ng'ambo tu ya mkondo, nchi ileile moja, haikuwa na kituo chochote hadi mwaka 1994. Kwa takriban miaka 20 mtu wa Bara alikuwa akivuka kwa boti na kukuta picha za rangi, akirudi kwake anakuta redio. Sasa "ya kwanza" inaongeza nini hapo?

Pengine neno la namna hiyo linahitajika, basi lizungushie uzio. Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, ndiyo volkano hai pekee inayojulikana kumwaga lava ya natrokaboniti. Ondoa "hai" na sentensi imeharibika, kwa kuwa zipo volkano zilizozimika zamani zenye miamba ya jamii hiyo. Lava yenyewe ni kituko: ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, karibu nusu ya lava ya kawaida, hutiririka nyeusi na nyepesi, kisha ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Watu wanaokitazama kilele kutoka mbali hudhani ni theluji.

Angalia na neno "bado". Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa maboksi maelfu hadi Kigoma, ikaungwa upya, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 isitekwe, ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Yote hayo hayaondoki. Lakini "bado inabeba abiria" ni sentensi yenye tarehe ya kuisha matumizi. Meli imekuwa na vipindi virefu vya kusimama. Kabla ya kusema bado, piga simu bandarini.

Majina ya mahali nayo hudanganya. Kisiwa cha Changuu, mbele ya Mji Mkongwe, watalii wanakijua kwa jina la kisiwa cha gereza. Gereza lilijengwa kweli, ila halikutumika kufunga wafungwa. Pakawa mahali pa karantini. Waliofungiwa humo maisha ni kobe wakubwa wa Shelisheli, nao hawana kesi.

Picha haikusimulii ilivyopigwa

Mwaka 2013 picha za Nick Brandt, mpiga picha Mwingereza, zilizunguka dunia: ndege na popo wa Ziwa Natron wamekauka wakiwa wamekaa juu ya matawi, macho yamezama, kama wamegeuzwa mawe ghafla walipokuwa wakipumzika. Magazeti ya nchi nyingi yakaandika kwamba ziwa la Tanzania huwageuza mawe wanyama wanaoligusa.

Brandt mwenyewe hakuficha. Aliikuta mizoga ufukweni, imekaushwa na kufunikwa na chumvi za magadi, akaichukua na kuiweka juu ya matawi na mawe katika mikao ya uhai. Ziwa lilikausha maiti, mpiga picha akaikalisha, na vichwa vya habari vikamaliza kazi.

Uliza maswali mawili kwa kila picha ya ajabu. Kwanza, nani aliiweka hivyo? Pili, kuna kiumbe kinachoishi hapo bila wasiwasi? Kwa Natron swali la pili linageuza kila kitu. Ziwa hilo, lenye maji makali ya magadi ambayo hupata joto la kuchoma ngozi, ndilo mahali ambapo flamingo wadogo wa Afrika Mashariki karibu wote huzaliwa. Wanajenga viota vya matope katikati ya magadi kwa sababu adui hawezi kuvuka kuwafikia. Ziwa la mauti ni wodi ya wazazi. Hilo hulipati katika picha ya popo.

Kumbuka pia kutenganisha tukio na nia ya mtu. Mapigano ya Tanga, Novemba 1914: nyuki walitoka mizingani na kuwavamia askari, jambo la kweli, na walichoma pande zote mbili bila kutazama sare. Baadaye ukaibuka uvumi upande wa Waingereza kwamba Wajerumani waliwatega nyuki kwa makusudi. Nyuki chukua. Makusudi yaache.

Pengo liache wazi

Hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa kujizuia. Mwaka 1944 Maurie Isenberg, askari wa jeshi la anga la Australia aliyekuwa kwenye kituo cha rada katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa Australia, aliokota sarafu tisa mchangani. Akaziweka kwenye kopo. Mwaka 1979 alizipeleka zikatambuliwe. Nne zilikuwa za kampuni ya Waholanzi ya India ya Mashariki. Tano zilikuwa sarafu za shaba za Kilwa.

Kilwa ile ya kwetu, ya Lindi, yenye msikiti wa kuba na kasri la Husuni Kubwa. Sarafu zake hazionekani mara kwa mara mbali na pwani yetu. Moja ilipatikana Zimbabwe Kuu, na hata hiyo ilishangaza.

Zilifikaje Australia? Ukisema "Waswahili waliigundua Australia kabla ya Wazungu" utapata makofi, na huna ushahidi. Hakuna aliyechimba zikiwa bado katika tabaka lake la udongo, hakuna chombo kilichokutwa, na zile za Kiholanzi zilizokuwa pamoja nazo zinaruhusu zote tisa kuwa zimefika katika mfuko mmoja, karne nyingi baada ya Kilwa kuanguka. Simulia ulichonacho na ukomee pale ushahidi unapokoma. Watu watajaza wenyewe, na mabishano yatakayofuata ni sehemu ya burudani.

Jina la mtu maarufu ni plasta inayopenda kubandikwa kwenye mapengo kama haya. Aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498 huitwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa maandishi ya ubaharia wa Kiarabu. Vitabu vya Kireno vya karne ile vinamtaja rubani kwa namna nyingine, na baadhi vinasema alikuwa mtu wa Gujarat. Wanahistoria wa leo wengi hawakubali kwamba alikuwa Ibn Majid. Rubani alikuwepo, jina hatuna.

Vivyo hivyo twiga wa China. Mwaka 1414 twiga alifika katika kasri la mfalme Yongle kutoka Bengali, na mwaka 1415 akaja mwingine kutoka Malindi pamoja na wajumbe. Wachina walimhesabu kuwa kilin, mnyama wa heri katika imani zao. Wasimulizi wamewaunganisha twiga wawili wakawa mmoja, na ule mchoro mashuhuri wenye maandishi ya Shen Du hutolewa kuwa ni wa twiga wa Malindi, ingawa ni wa yule wa Bengali. Twiga wawili ndani ya mwaka mmoja na ushee. Kwa nini umpunguze mmoja?

Kinachojaribika, kijaribu

Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, mwaka 1963. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa na sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye jokofu. Nafasi ikawa inagombaniwa. Mpemba akaona akisubiri atakosa, akaweka mchanganyiko wake ungali moto. Baada ya saa moja na nusu hivi wake ulikuwa umeganda, wa mwenzake aliyeweka bila kuchemsha haujaganda. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaliweka moyoni. Alipokuwa shule ya Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanafizikia Denis Osborne, na Mpemba akamuuliza swali lilelile mbele ya wenzake, wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar, akafanya lipimwe maabara, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Tangu hapo wanafizikia wa dunia nzima huliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Ukilisimulia, usiseme "maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi" ukaweka nukta. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walipima kwa uangalifu na hawakuliona, na mabishano yanaendelea hadi sasa. Sema "katika hali fulani, mara nyingine". Halafu jaribu. Chukua vikombe viwili vya chuma vinavyolingana, usitumie glasi maana itapasuka. Pima maji ya kiasi kimoja, kimoja ya moto kiasi cha chai, kingine ya bomba. Viweke kwenye friza mbali na ukuta wenye barafu, visigusane, na uamue mapema nini kitahesabika kuwa "kuganda": tando la kwanza juu, au gimba lote? Utashangaa jinsi matokeo yanavyobadilika ukisogeza kikombe kidogo tu. Darasa litakalofanya hivi litaelewa kwa nini wanasayansi wazima bado wanabishana.

Kutafuta, na kuuliza watu

Nyaraka za Zanzibar ziko Kilimani. Za Kenya ziko Nairobi, barabara ya Moi, katika jengo lililokuwa benki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina maktaba yenye sehemu maalumu ya maandiko ya Afrika Mashariki. Magazeti ya zamani ni mgodi. Mambo Leo, lililoanza kutoka mwaka 1923, limejaa mambo ambayo hakuna kundi la WhatsApp limeyafikia bado. Nenda na penseli, kalamu ya wino mara nyingi hairuhusiwi.

Kwa wazee, anza na shikamoo na usiwe na haraka. Mzee akimaliza, muulize kwa upole: "Mzee wangu, hili ulilishuhudia mwenyewe au ulisimuliwa?" Majibu yote mawili yana thamani, ila yanakwenda kwenye kurasa tofauti za daftari lako. Andika siku, mahali, na jina lake kama ameruhusu. Akitofautiana na kitabu, usimsahihishe barazani. Andika vyote viwili. Kitabu nacho kiliandikwa na mtu.

Ukitunga swali la chemsha bongo, hakikisha lina jibu moja. "Vita vya Zanzibar vilichukua dakika ngapi?" ni swali la kuleta ngumi. "Khalid bin Barghash alikimbilia ubalozi wa nchi gani?" lina jibu moja. "Wanafunzi wangapi kati ya 159 walipatwa Kashasha kabla shule haijafungwa mara ya kwanza?" lina jibu moja. "Sarafu za Kilwa ziliokotwa Australia ngapi?" Tano, na atakayesema tisa mwambie nne ni za Waholanzi. "Zanzibar ilikaa siku ngapi kati ya uhuru na mapinduzi?" Desemba 10, 1963 hadi Januari 12, 1964, siku 33, na ndani ya siku hizo iliingia Umoja wa Mataifa. Ila lisiwe rahisi mno: usiulize mwimbaji Freddie Mercury alizaliwa wapi. Pale Forodhani hata muuza urojo atakujibu kabla hujamaliza.